Mwaka Nsemulwa Ilipompata Mtu wa Chuma

Jambo lote lile lilitugharimu mkono mmoja wa kushoto kuanzia chini ya kiwiko, jenereta moja, kanda moja ya video isiyo na jalada, na mabenchi kumi na moja. Mabenchi nimeyahesabu mara mbili, mara ya kwanza siku yalipovunjika na mara ya pili juzi, kichwani, nikiwa kwenye gari natoka Kasansa. Mara zote mbili yalikuwa kumi na moja, ingawa Deusi anawaambia watu yalikuwa ishirini. Mkono ulikuwa wake, kwa hiyo siwezi kubishana naye sana juu ya gharama. Lakini vipande vya mabenchi niliviokota mimi.

Kasansa tulikwenda kwenye misa ya arobaini ya mama yake Deusi. Alikuwa bibi aliyekula chumvi nyingi, na watu walikwisha kulia walichokuwa nacho cha kulia, kwa hiyo siku ile ilikuwa ya wali, kuku na maneno. Tulikaa kwenye mikeka uani, sahani moja watu watano, na binti mmoja anaitwa Venansia, mjukuu wa marehemu, anasoma chuo, akaanza kutueleza wanachofundishwa. Wanafundishwa hadithi. Sikujua kama hadithi zinasomewa cheti, ningesoma. Alisema kuna hadithi nyingi duniani za watu nusu nyama nusu mashine, na kwamba mwalimu wao amewaeleza zilianzia Ulaya, kwenye nchi zilizotangulia kuwa na viwanda, pale watu walipoanza kujiuliza mashine zao zitaishia kuchukua nini kwenye miili yao. Deusi alimeza tonge lake kwanza. Akamuuliza mjukuu wa mama yake kama huyo mwalimu alikuwepo. Venansia akasema hapana, mjomba, hakuwepo.

"Basi mwambie mimi nilikuwepo," Deusi akasema. "Zilianzia Nsemulwa, Jumamosi, baada ya chakula cha mchana. Huyu Minza hapa ni shahidi, alikuwa mlangoni."

Ni kweli nilikuwa mlangoni. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye mlango wa banda la video la Baba Levina, pale Nsemulwa mjini Mpanda, kupokea kiingilio na kuhesabu vichwa. Nilihesabu watu wakiingia, kisha nikahesabu tena kanda ikifika katikati, maana banda lilikuwa na turubai upande wa nyuma na turubai haina uaminifu. Chumba chenyewe kilikuwa kimoja, cha matofali ya kuchoma, hakina dirisha, bati bila dari, na ikifika saa nane mchana mtu aliyeingia na shati kavu alitoka kama aliyevuliwa ziwani. Mbele kulikuwa na televisheni moja juu ya kreti za soda, chini yake deki, na pembeni pazia la kitenge lililofungwa kwenye misumari miwili. Nyuma ya pazia ndipo alipokaa Deusi na maiki yake. Kazi yake ilikuwa kutafsiri. Filamu ilisema kwa Kiingereza au Kichina au lugha yoyote iliyopenda, na Deusi akaisema kwa Kiswahili, sauti zote, za wanaume, wanawake, mbwa na bunduki. Kiingereza chake kiliishia kidato cha pili, lakini hakuna mteja aliyewahi kudai kurudishiwa hela kwa sababu hiyo. Mara nyingine watu walitoka nje wakasema filamu haikuwa nzuri ila tafsiri ilikuwa nzuri.

Wateja hawakumwona. Aliingia kabla yao na kutoka baada yao, na hayo yalikuwa masharti yake kwa Baba Levina. Tuliomwona tulikuwa watatu, mimi, Baba Levina na mkewe, kwa sababu tulikula pamoja kwenye kibaraza cha nyuma, ugali na migebuka iliyokaangwa mpaka miba ikatafunika. Deusi alikula taratibu kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto wa shati lake ulikuwa umekunjwa na kubanwa kwa pini mbili. Miezi michache kabla, alikuwa akifanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Magamba. Mkanda wa mashine ulishika shati kwanza, kisha ukafuata kilichokuwa ndani ya shati. Alitusimulia mara moja tu, kwa sentensi mbili, halafu akaomba chumvi.

Shida yake haikuwa mkono. Shida yake ilikuwa mama yake. Kule Kasansa hawakujua chochote, au ndivyo Deusi alivyoamini. Alikuwa mtoto wa kiume pekee, na mama yake alikuwa akitembea kifua mbele kijiji kizima kwa sababu mwanawe anaendesha mashine. Deusi aliandika barua, katekista akazisoma kwa sauti, mama akafurahi. Alinisomea barua hizo kabla ya kuzituma, nami nikahesabu uongo uliomo, na kusema haki hapakuwa na hata mmoja. Aliandika kwamba yuko mjini, yuko na mashine, mashine inaongea Kiingereza, wanakula samaki. Nilimwambia siku moja aende nyumbani akamwonyeshe mama yake, yaishe. Akaniuliza amwambie nini, kwamba mashine ndiyo iliyomwendesha yeye? Akasema mama yake akija Mpanda, siku hiyohiyo yeye anapanda treni, na asingerudi tena. Nauli alikuwa nayo, nilijua iko wapi, na haikupungua hata siku alizokosa sigara. Kwa hiyo sikuchukulia kuwa ni maneno ya hasira.

Ndipo ikaja ile kanda. Baba Levina aliinunua kwenye rundo, haina jalada wala jina, na deki ikatafuna mwanzo wake siku ya kwanza, kama dakika ishirini hivi. Tukakata kilichoharibika tukaunga. Kwa hiyo filamu yetu ilianza moja kwa moja na mtu anatembea barabarani, upande mmoja ni mtu kama wewe na mimi, na upande wa pili ni chuma, mkono wa chuma, bega la chuma, jicho linawaka nyekundu. Hakuna aliyeeleza amefikaje hapo. Watu wa Ulaya labda wangevumilia. Watu wa Nsemulwa waliuliza papo hapo, kabla jicho halijawaka mara ya pili. Ameanzaje? Alizaliwa hivyo? Nani kamfanya? Deusi, nyuma ya pazia, hakuwa na jibu, maana jibu lilikuwa limeliwa na deki. Akatunga.

Siku ya kwanza alisema amegongwa na treni. Mstaafu mmoja wa reli akasimama akasema treni haichagui upande, ikikugonga haikubakizii nusu nzuri. Siku ya pili Deusi akasema ni mamba wa Rukwa. Wafugaji, Wasukuma wenzangu, walikuja siku za mnada na fimbo zao, ambazo nilizipokea mlangoni na kuziwekea alama za chaki ili zisigombaniwe. Hao wakasema mamba akishachukua mkono hakuachii bega, wao wamepoteza ndama wa kutosha kujua. Siku ya tatu akajaribu radi. Hiyo ilikuwa hatari zaidi, kwa sababu banda zima likataka kujua radi hiyo imetumwa na nani, na filamu ikasimamishwa nusu saa watu wakigombana juu ya majirani wa mtu wa chuma. Mzee mmoja mfugaji, Mzee Masele, yeye alikuwa na swali lake moja ambalo hakulibadilisha: aliyempa chuma alilipwa nini, na kama ni mali ya aliyempa, je, akioa, ng'ombe wanatoka zizi la baba yake au la mwenye chuma? Na mtoto akizaliwa ni wa nani? Nimesikia mengi tangu siku hizo, na Venansia ametaja mengi uani pale, lakini sijasikia swali la mtu wa chuma linalozidi hilo la Mzee Masele.

Na watu walirudi. Hicho ndicho kilichonishangaza, mimi niliyezoea kwamba mtu akishaiona kanda ameiona. Waliilipia mara tatu, mara nne, si kwa ajili ya filamu bali kwa ajili ya dakika zile zisizokuwepo. Walitaka kusikia leo mtafsiri atasema alianzaje.

Jumamosi ile nilikuwa mlangoni na kitabu changu cha vichwa. Akaja mama mmoja wa makamo, kanga mbili, miguu ina vumbi la lori la mpunga, kapu mkononi. Akauliza kama hapa ndipo kuna kijana anayesemea mashine. Nikasema ndipo. Akauliza kiingilio, nikataja. Akasema mbona ghali.

"Mimi siangalii, mwanangu," akasema. "Nitafumba macho, nitasikiliza tu. Nipe kwa nusu."

Nilimwambia hapa kinacholipiwa hasa ni sauti, picha tunaongezea. Alinitazama, akacheka kidogo, na nikajua nimepata mtu wa saizi yangu. Kisha nikaomba kukagua kapu, kwa sababu watu waliingiza pombe. Ndani kulikuwa na mchele, karanga za kukaanga, na shati jipya jeupe lililokunjwa. Nililifungua kuangalia kama limeficha chupa. Mkono wa kulia ulikuwa mrefu mpaka kwenye kifundo. Mkono wa kushoto ulikatwa ukaishia kwenye kiwiko, na ulikuwa umepindwa na kushonwa kwa sindano ya mkono, mishono midogomidogo, imara, ya mtu asiye na haraka.

Nadhani nilikaa na lile shati muda mrefu. Yeye ndiye aliyelichukua mikononi mwangu na kulikunja tena.

"Dereva wa lori aliniambia," akasema. "Mwezi wa kwanza tu wa ajali."

Nikamuuliza mbona hakuja mwezi wa kwanza. Akasema angekuja mwezi wa kwanza angemkuta mtoto amefichwa, na yeye ndiye angemfichua. Alisubiri aandike. Kila barua ya katekista aliisikiliza akitegea neno hilo, na kila barua ikawa na samaki na Kiingereza. Sasa ilikuwa miezi minane, na amechoka, amekuja asikie sauti tu, ajue ni mzima, arudi na lori la jioni. Kama Deusi mwenyewe atasema, atasema. Kama hatasema, basi ni kama yeye hakuja.

"Na wewe hujaniona na hili shati," akasema. "Akisema, mimi ndiyo nasikia leo. Umenielewa, binti? Mwachie aniambie yeye."

Nikasema nimeelewa, Mayu, kama tunavyowaita mama zetu Usukumani. Alinipa shati nilifiche. Alisema baada ya wiki mbili tatu nimpe Deusi, niseme nimelishonesha kwa fundi wa sokoni. Nikaliweka chini ya kitabu cha vichwa na kulikalia. Na kiingilio nilichukua nusu, ndiyo, mara ya kwanza na ya mwisho katika mwaka ule wote. Baba Levina hakujua.

Filamu ikaanza. Mtu wa chuma akatokea barabarani, jicho likawaka, na banda likauliza ameanzaje. Deusi akaanza kutunga, nakumbuka siku ile ilikuwa ajali ya ndege, na ilikuwa inakwenda vizuri, ndege ilishaanza kufuka moshi. Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka benchi la nyuma, ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Mtafsiri, samahani. Mama yake huyu kijana alijua lini?"

Ndege ya Deusi ilikatika hewani. Tukasikia jenereta nje, na mtu akasema maiki imekufa. Haikufa. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na mlango wa nyuma wa kwenye kibaraza ulikuwa wazi, hatua tatu tu kutoka pazia lilipo. Nilifikiria treni. Nilifikiria nauli. Sikuomba Mungu, kwa sababu sikujua niombe upande gani, lakini nilijikuta nahesabu, na nilikuwa nimefika thelathini na moja aliposema.

Alisema mama yake hajajua bado. Alisema haya kwa sauti yake ya kawaida, siyo ya mtu wa chuma, na watu wengine hawakutambua kwamba amebadilisha. Akasema kijana huyu hakugongwa na treni, wala mamba, wala ndege. Alikuwa kwenye mashine ya mpunga. Alivaa shati pana kwa sababu alitaka kupendeza, kulikuwa na msichana analeta gunia, na aliambiwa asivae shati pana akasema ataangalia. Mkanda ukashika. Alipoamka hospitali kitu cha kwanza alichowaza si mkono, ni jinsi mama yake anavyotamka neno mashine mbele ya watu. Ndiyo maana akajificha ndani ya mashine nyingine, yenye sauti tu. Akasema nusu iliyobaki ya kijana huyo ni nzima, inakula, inafanya kazi, na inaomba radhi.

"Njoo mbele nikuone," mama akasema.

Akatoka. Akasimama mbele ya televisheni, mwanga wa filamu unampiga mgongoni, pini mbili zinang'aa kwenye shati. Mama yake akapiga ukelele na kuangusha kapu. Ni mimi peke yangu niliyeona kwamba aliliinamisha kwanza mpaka karibu na sakafu, mchele usimwagike. Alilia kilio cha mtu aliyepata habari dakika hiyo, na katika maisha yangu ya biashara nimeona watu wengi wakijifanya hawajui bei, lakini sijaona aliyemfikia. Kisha akamshika kile kipande cha mkono kwa viganja viwili, na hapo hakujifanya tena. Alimuuliza Deusi kama kinauma. Deusi akasema kwenye baridi kidogo. Akamuuliza kama anakula. Deusi akasema samaki, si nilikuandikia?

Ingeishia hapo, ingekuwa nafuu kwa mabenchi. Lakini Mzee Masele alikuwa amekaa mbele, na akasimama, akamtazama Deusi, akaitazama televisheni ambamo mtu wa chuma alikuwa bado anatembea, akamtazama tena Deusi. Akauliza kwa heshima zote kama kile chuma chake amekiacha nyumbani. Hakuwa anatania. Yeye na wenzake walikuwa wameelewa kwamba filamu wanayoilipia wiki zote hizo ni maisha ya kijana huyu, na kwamba leo, kwa sababu mama yake amekuja, amekivua. Waliondoka na habari hiyo mpaka kwenye mnada, na mnada ukaisambaza vizuri kuliko redio. Jumamosi iliyofuata watu walikuja na baiskeli kutoka mbali kumwona mtu wa filamu anayeishi Nsemulwa. Nilihesabu mpaka mia na arobaini, nikahesabu tena nikapata mia na hamsini na mbili, na hapo mabenchi yakaanza kulia. Jenereta nayo iliungua kabla ya jua kuzama.

Baba Levina, aliyekuwa mtu wa kuona mbali linapokuja suala la kiingilio, alimpeleka Deusi kwa fundi baiskeli. Fundi akatengeneza mkono wa fito za chuma, wenye kishikio cha breki na waya unaopita chini ya kwapa, ukivuta bega vidole viwili vya chuma vinafumba. Ulikusudiwa kuwa maonyesho. Deusi aligundua unashika maiki, kisha unashika jembe, kisha, alipojaribu kwa siri, unafunga gunia. Mzee Masele alikuja kuukagua, akaupapasa, akauliza umelipiwa na nani. Deusi akasema na yeye mwenyewe, kwa hela ya kutafsiri. Mzee akasema basi ni mali yake, anaweza kuoa. Mwisho wa mwaka Deusi alirudi Kasansa na ule mkono wa breki, akaoa yule yule wa gunia, na kanda yetu ikabaki haina mtafsiri, na watu wakagundua kwamba ni filamu ya kawaida sana.

Lile shati nilimpa baada ya wiki tatu kama nilivyoagizwa. Nikasema fundi wa sokoni. Akalivaa mpaka likaisha kola. Nikajiambia ni jambo dogo, mwanamke amenituma nami nimetumika, na yeye yupo, akitaka atasema mwenyewe. Hakusema. Kila nilipokwenda Kasansa alinipa mchele wa kubeba, akanikazia macho kidogo, nami nikajua mkataba bado upo.

Na juzi, baada ya sahani kuondolewa, Deusi alisimama pale uani na kuwasimulia wajukuu wote. Alisimulia vizuri, alikuwa mtafsiri. Alisema siku aliyokuwa mwanamume si siku aliyooa, ni siku aliyomwambia mama yake kwa mdomo wake mwenyewe jambo ambalo hakulijua. Kisha akanigeukia mbele ya watu akasema mama yake alimzaa, lakini mtu wa kwanza kumvisha akiwa na mkono mmoja ni Minza. Wanawake wakanipigia vigelegele. Nilitazama chini, wakadhani ni unyenyekevu.

Venansia ameamua kuandika yote kwa ajili ya chuo chake, na ameniambia atanipigia Jumatatu nithibitishe sehemu ya mlangoni, hasa shati. Nimejaribu kulipima. Nikisema, Deusi anapata shati lililoshonwa na mama yake kwa mkono, miezi minane ya kungojea ndani ya kila mshono. Nisiposema, anabaki na ile Jumamosi, ambayo mama yake alimnunulia kwa gharama kubwa na kunikataza kuiuza. Nimeweka moja huku na moja huku, nimehesabu mara mbili, zinalingana, na mimi sijazoea hesabu inayolingana. Aliyenifunga mdomo ameshazikwa, na sijui kama agizo la marehemu linakwisha kwa arobaini au halikwishi. Nyie mnaosoma haya, wenye mama na mliowahi kuwaficha jambo, nishaurini: nimwambie? Naomba jibu kabla ya Jumatatu.